Mlango wa Dublin Hauna Mtu

Woolwich, London
Jumapili, 2 Februari 2025

Shangazi Maimuna,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kama sambusa na bahasha imelowa mvua, lakini maneno yote yako hai. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Juzi mzee mmoja kazini kaniambia nina mabega ya bondia. Nimekuandikia kwa kalamu kama ulivyotaka, ingawa yule anayeuza stempu alinitazama kama nimemwomba mafuta ya taa. Vijana wa London hawaandiki barua, Shangazi. Wewe ndiye unayenizeesha.

Chumba ni kile kile, juu ya duka la nywele, Plumstead Road. Kaburi la baba nilikwenda wiki iliyopita. Niling'oa majani, nikamsomea Yasini mpaka pale ninapopajua. Nilipofika nisipopajua nikamsimulia habari za mpira.

Sasa kazi. Wenzangu wananiita Meneja. Sawa, kwa karatasi mimi si meneja, lakini waulize nani anapita asipopita mwenzake. Nasukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege ng'ambo ya mto, nabeba wazee, wajawazito, waliovunjika miguu. Beji iko shingoni. Naigusisha, mlango unalia tiii, tunapita. Foleni ya watu mia mbili wanatukodolea macho, mimi na bibi yangu wa siku hiyo tunakwenda pembeni kama wafalme. Namfikisha mpaka mdomoni mwa ndege, namkabidhi, narudi na kiti kitupu kumchukua mwingine.

Kwa hiyo nikikwambia jambo la ndege, nisikilize mimi, usiwasikilize hao wa televisheni. Uliuliza mbona miaka sita hatujaonana, na kati yangu na wewe ni saa moja tu ya angani. Nilikuwa najipanga. Uingereza na Ireland ni nchi mbili lakini walishakubaliana zamani kwamba watu wao wapite tu. Kila siku napeleka abiria geti la Dublin. Jumanne mzee mmoja alionyesha kadi ya basi. Kadi ya basi, Shangazi! Jaspal, rafiki yangu anayesimama pale getini, akamwambia pita baba. Mlango wa Dublin hauna mtu. Mimi nitaingia kama ninavyoingia jikoni kwako kufunua sufuria.

Wewe andaa sufuria tu.

Mwanao,
Abdulwakil, Meneja


Drogheda, Ireland
19 Februari 2025

Mwanangu Abdulwakil,

Na kwako iwe amani. Nimefurahi kwa Yasini uliyomsomea kaka yangu, hata hiyo nusu. Na ya mpira ataipokea; alikuwa akilala na redio sikioni kwa ajili hiyo hiyo.

Mombasa hawajambo. Dada yako Rukia amejifungua mtoto wa kike, wa tatu, na mumewe anajifanya kafurahi. Hapa jirani yangu Armelle, yule Mkongo, ananiletea pondu, kisamvu cha kwao, kila Ijumaa, na mimi namfundisha kusema Kiswahili bila kukivunja mbavu. Mvua ni kama kawaida ya huku, hainyeshi wala haiachi.

Sasa kaa kitako. Kile kivimbe cha kooni walichokuwa wakikipiga picha ni saratani. Tarehe 28 Aprili, siku ya Jumatatu, watanitoa koromeo lote. Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja, nayajua wanayoyasema na wanayoyanyamazia. Nitapona, inshallah. Nitakuwa napumua kwa tundu la shingoni. Sauti haitarudi.

Hivi sasa ninayo kidogo. Simu haiishiki, ukinipigia utadhani mtu anakuna nazi, ndiyo maana nikakwambia tuandikiane. Lakini mtu akikaa karibu yangu ananisikia vizuri. Nataka ukae karibu yangu kabla ya siku hiyo. Kulia sitaki. Nataka tuzungumze mpaka nichoke, nikuite jina lako kwa mdomo wangu, nikugombeze kidogo, kisha wafanye kazi yao.

Kwa hiyo nisikilize kuhusu huo mlango wako usio na mtu. Unaouona wewe ni wa kutokea London. Wa kuingilia huku hujauona. Wanaopita bure ni raia wa Uingereza na wa hapa. Pasipoti yako ni ya Kenya, na kibali chako cha kukaa London ni cha London. Omba viza ya Ireland, na uombe wiki hii. Usimuulize Jaspal. Uliza ubalozini.

Shangazi yako,
Maimuna


Woolwich
Jumapili, 6 Aprili 2025

Shangazi wangu wa nguvu,

Idi mubarak, ingawa imeshapita na mchele umeshakwisha. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa na shifti za mchana, nafuturu garini na tende mbili, na ukifika nyumbani kitanda kinakuvuta shati. Sala ya Idi niliswali msikitini, nikakumbatiwa na watu arobaini nisiowajua hata mmoja. Kisha nikanunua kuku sokoni, nikapika biriani la watu sita. Nililila siku nne. Liliiva, usicheke. Mtaani kote hakuna anayenifikia.

Mwambie Rukia mtoto wa kike ni heri, na jina langu lipo tu kama wa nne akiwa wa kiume.

Ile habari ya koo nimeisoma. Madaktari wa siku hizi ni hodari sana.

Haya, sasa inua miguu upige vigelegele: tiketi ninayo! Jumamosi, tarehe 26 Aprili, ndege inafika Dublin saa tano kasorobo asubuhi. Jumamosi yote yako, Jumapili yote yako, Jumatatu nakupeleka hospitali mwenyewe, tena nakusukuma, utaona tofauti ya fundi na mwanagenzi. Nimechukua likizo ya siku tano, bosi kanung'unika, nikamwambia bosi, duniani nina mtu mmoja wa kumtembelea, na mtu huyo ndiye huyu.

Habari za viza usiniulize tena. Viza ni za watu wanaotoka mbali. Mimi natoka Woolwich. Leseni yangu ya gari ina picha, kibali kiko kwenye simu, beji ninayo, na Jaspal ndiye mwenye zamu ya geti siku hiyo, anasema nikionyesha leseni anaangalia jina tu. Kwani mimi nani? Mimi ndiye ninayewapitisha wengine.

Nikuletee nini? Sema.

Abdulwakil wako


Drogheda
14 Aprili 2025

Mwanangu,

Kama una hakika, basi nimenyamaza. Wewe ndiye wa viwanja vya ndege.

Usilete kitu. Nimenunua godoro jipya la chumba cha mbele. Armelle atanipeleka uwanjani, tutasimama pale pale wanapotokea watu, nitajifunga ule mtandio wa zambarau ili usije ukakumbatia mama wa mwenzio.

Daktari amesema sauti iliyobaki niitumie kwa uangalifu, nikipiga kelele itakatika kabla ya wakati. Kwa hiyo tangu juzi sisemi na mtu. Na Armelle tunaongea kwa mikono, anafikiri nimemnunia. Naiweka. Ni yako.

Shangazi yako


Woolwich
Jumapili, 27 Aprili 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo na hii itakufika ukiwa umeshatoka salama.

Utanisamehe. Jana nililala. Ndivyo ilivyo, sina la kupamba. Ijumaa nilifanya shifti mbili ili wasininung'unikie kwa likizo, nikarudi, nikaweka simu iniamshe saa kumi na moja, nikaizima bila kujijua, na nilipofungua macho ndege ilikuwa imeshapaa. Unanijua tangu mdogo, mimi nikilala hata nyumba iungue. Nikajaribu ndege nyingine, zimejaa.

Najua ulisimama pale na mtandio wako. Mimi ni mpumbavu, niandike hivyo mahali, mvivu wa kutupwa. Nitusi vyovyote.

Kesho nitaswali rakaa mbili saa watakapokuingiza. Armelle aniandikie neno moja tu kwenye simu, namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Abdulwakil


Drogheda
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Abdulwakil,

Salamu nyingi. Armelle aliniambia alikuandikia neno, ukajibu alhamdulillahi mara tisa. Kwa hiyo unajua niko hai. Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa mipira ya dawa, kisha kwa sababu ya uchovu, kisha bila sababu.

Rukia ameleta picha ya mtoto. Ana paji la uso la kaka yangu, maskini.

Mimi naendelea. Tundu la shingoni nalisafisha mwenyewe, manesi wa wodini walikuwa wakishangaa. Nakula uji na supu. Nina kiubao kidogo cha kuandikia dukani. Watu wakiona naandika hudhani nami sisikii, wanapaza sauti. Mwenye duka la nyama ananipigia kelele kama niko juu ya paa. Nyumba imetulia sana. Zamani nilikuwa nikijisemea peke yangu nikipika, sikujua kwamba nilikuwa nikijisemea mpaka nilipoacha.

Kuhusu siku ile usijisumbue. Kijana aliyechoka hulala. Na mimi sikwenda uwanjani. Gari la Armelle liligoma asubuhi, nikasema heri, nikashinda kitandani bila kufungua mdomo. Hakuna aliyemngoja mwenziwe bure.

Kula vizuri. Biriani la siku nne litakuua.

Shangazi yako,
Maimuna


Woolwich
Jumapili, 3 Agosti 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum. Barua yako imekaa juu ya friji wiki sita. Kila nikichukua maziwa inanitazama. Nimeanza kukujibu mara nyingi, najaza nusu ukurasa kwa mbwembwe zangu, halafu nachana. Habari za huku ni kwamba joto limezidi, duka la nywele wameweka muziki mpya, na kaburi la baba sijakwenda tangu Aprili kwa sababu nitamwambia nini.

Sikulala, Shangazi.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshavaa. Jaspal aliangalia leseni, akaangalia jina, akanipiga bega, nikapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi ndani ya ndege ile. Miaka miwili nawafikisha watu mlangoni, sikujua hata viti vyake ni vya rangi gani.

Dublin tukatembea ukumbi mrefu, mimi mbele kabisa, na ukumbi ukaishia kwenye vibanda vya vioo. Kila kibanda kina mtu. Kila abiria anaonyesha karatasi zake, hata wale wazee wangu wa kadi za basi. Wao wanatazamwa kidogo, wanapita. Mimi nikafika kwa mama mmoja wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulioniuma. Akaniuliza, wewe ni raia wa Uingereza au wa Ireland? Nikamwambia mimi ni mtu wa Woolwich. Hakucheka. Akasema, basi pasipoti na viza. Nikamwonyesha leseni. Nikamwonyesha kibali kwenye simu. Mwisho nikamwonyesha beji ya kazi, Shangazi. Nilimwonyesha beji, akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili kama kitu cha mtoto.

Na nilijua. Hapo ndipo pabaya. Katikati ya Ramadhani nilifungua ukurasa wa ubalozi, wakasema viza huchukua hata wiki nane. Zilikuwa zimebaki sita. Ningekusikiliza ile wiki uliyoniambia, ningeipata. Nikaona bora nikate tiketi nijisifu kuliko kukwambia nimechelewa.

Wakaniketisha kwenye benchi karibu na mlango wa mwisho, ule unaojifungua wenyewe mtu akitoka na sanduku. Wakauliza nimekuja kwa nani. Nikataja jina lako na mtandio. Yule mama akatoka kukutafuta. Halafu mlango ukafunguka, nikakusikia.

Uliniambia gari liligoma. Sawa. Lakini mimi nilikusikia. Ulianza kwa Kiingereza cha hospitali, pole pole, kwa adabu. Mlango ukafunga. Ulipofunguka tena ulikuwa umeshafika Kiswahili cha kwetu Majengo, Mombasa. Ulisema, "Huyo nimemwogesha mimi! Mwambieni apandishe suruali muone kovu la goti la kushoto, nimelishona kwa mkono wangu! Mnataka karatasi gani tena?" Mlango ukafunga. Nikapandisha suruali. Wallahi nilipandisha, nikamwonyesha askari aliyekuwa ananilinda, akaangalia pembeni. Ukafunguka, nikakusikia ukiniita. Jina zima, Abdulwakil bin Swaleh, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu niko mdogo nimepanda juu ya ukuta wa jirani. Mara mbili. Mara ya tatu ukafika nusu ya jina, ikakatika. Mlango ulifunguka mara nyingi baada ya hapo. Nikasikia masanduku tu.

Ningeweza kukuitikia. Ulikuwa hatua kumi. Niliona aibu, askari wananitazama, nikanyamaza. Sauti uliyoniwekea, uliimalizia pale kwa watu wasiojua hata inasema nini, na mimi mwenyewe sikujibu.

Alasiri wakanirudisha kwa ndege ile ile. London hapakuwa na mtu wa kuniuliza lolote, nilifuata mishale mpaka nje. Jaspal alikuwa anatoka zamu. Akashangaa, umerudi leo leo? Vipi Dublin? Nikasema nzuri. Nikaenda chumbani, nikakaa humo siku tano zote za likizo, na siku ya pili yake ndipo nilipokuandikia kwamba nililala. Nilitaka unione mvivu. Mvivu angalau angefika kama angeamka.

Labeka, Shangazi. Naitika sasa.

Abdulwakil


Drogheda
20 Agosti 2025

Abdulwakil, mwanangu,

Na kwako iwe amani. Armelle anakusalimu, Rukia anakusalimu, mtoto ameota meno mawili.

Huna adabu. Unaitwa na mkubwa wako mara tatu, unaitika baada ya miezi mitatu. Na mimi sina, kwa sababu nilikudanganya na gari la watu. Niliogopa ukijua nilikuwepo utajua nilikuwa naomba, na sikutaka ukumbuke nikiomba. Yule ofisa alirudi kuniletea kiti na maji. Sikumshukuru. Nilikuwa nimeshakwisha.

Usiseme iliishia kwa watu wasiojua inasema nini. Ilifika. Nilikuwa nimekaa tangu Aprili nikihesabu kwamba haikufika kwa yeyote, na barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti halijavuliwa.

Sasa sikia. Kwetu mdogo ndiye anayemwendea mkubwa, na kwa adabu hiyo nimekaa huku miaka sita nikikungoja, na wewe umekaa huko ukijipanga. Nimeiacha. Pasipoti yangu ni ya hapa, na wewe mwenyewe umeona kwamba anayetoka huku kuja kwenu haulizwi na mtu. Vizuri, maana hata wakiniuliza sina cha kuwajibia. Jumamosi tarehe 13 Septemba, saa nne asubuhi, nitakuwa London. Nitakaa wiki mbili. Tutakwenda kwa kaka yangu, utasoma pale unapopajua na mimi nitamalizia kimoyomoyo.

Nina ombi moja. Watu wote wakiniona sasa wananyamaza, wanadhani ni heshima. Wananiandikia vikaratasi, wananishika mkono, wanatikisa vichwa. Wewe usije ukanifanyia hivyo. Ukiniona anza kusema pale pale. Jisifu. Nidanganye kuhusu mabega yako. Niambie wewe ni meneja wa uwanja mzima na rubani anakuomba ruhusa. Nyumba yangu haijasikia mtu akipiga domo tangu Aprili.

Shangazi yako,
Maimuna